Bomba la Kurudi

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, matokeo ya kidato cha nne yameshaniweka pembeni, nikawa saidia fundi wa baba mdogo pale Moshi mjini. Mchana nabeba mabomba, usiku naandika hadithi kwenye daftari la hesabu. Nilijiona mwandishi aliyepotea njia. Kazi ya bomba sikuipa moyo hata kidogo.

Siku moja tukaitwa Marangu, kwenye nyumba ya wageni wanaopanda mlima. Tangi la maji moto lilikuwa chini, nyuma ya jiko, linachemshwa kwa kuni. Vyumba viko juu ya mteremko, bomba lasafiri kama mita 25. Mgeni ametoka kileleni, hajaoga siku tano, anafungua maji, yanakuja baridi ya kukata mifupa. Basi anayaacha yamwagike, anasubiri.

"We msomi," baba mdogo akaniuliza, "akisubiri hivyo anamwaga kiasi gani?"

Nikapiga hesabu. Bomba la robo tatu inchi, kwa urefu ule, linabeba karibu lita 8. Wageni watano wakioga kwa nyakati tofauti, bomba likiwa limeshapoa kila mara, ni lita 40. Ndoo mbili kubwa za maji safi, mtaroni!

Dawa ni bomba la kurudi. Kutoka chumba cha mwisho unashusha bomba jembamba, la nusu inchi, hadi chini ya tangi. Maji moto ni mepesi, hupanda. Yakipoa kidogo huwa mazito, hushuka. Tangi likiwa chini ya vyumba, yanazunguka yenyewe bila pampu, na kila bomba lina maji moto karibu. Ila uyafunge mabomba vizuri yasipoteze joto, la sivyo unachoma kuni za bure usiku kucha.

Baba mdogo akashuka mjini kununua sponji za kufungia, akaniachia mimi kulaza lile bomba la kurudi. Njiani palikuwa na jiwe. Kulichimbua ni kazi, na kichwani nilikuwa na hadithi tamu. Nikalipitisha bomba juu ya jiwe, likainuka kama shubiri moja, nikafukia.

Jioni tukawasha moto. Nusu saa, saa nzima, kule juu baridi tupu. Mwenye nyumba akasema fedha iliyobaki hatoi. Fedha ile ilikuwa ada ya mdogo wangu wa kike. Baba mdogo akachukua tochi, akapekua maungio moja moja hadi usiku wa manane. Nililihisi kosa langu, nikanyamaza.

Tulilala kwa bibi, si mbali na hapo. Alfajiri akanipa jembe; ilikuwa zamu ya nyumba yetu kusafisha mfongo. Wachagga walichimba mifereji hii kabla Wajerumani hawajatutawala, na Charles Dundas, ofisa wa Kiingereza, aliisifu katika kitabu chake cha mwaka 1924. Mimi niliiona mambo ya wazee tu. Mahali fulani tope lilikuwa limeinua sakafu ya mfongo, maji yamesimama, yanamwagikia migomba ya jirani.

"Maji hayaruki kitu, mjukuu wangu," bibi akasema, akikwangua tope. "Ukiyainulia njia, yanakaa."

Mwili ukanisisimka. Jiwe! Kwenye ule mwinuko hewa ilijikusanya, ikaziba njia.

Nikamwendea baba mdogo, nikamwambia yote. Nilitegemea kofi. Akaniangalia tu. "Ungesema jana, ningelala."

Tukafukua, tukang'oa jiwe, tukalaza bomba literemke mfululizo hadi tangini, na mahali pa juu kabisa tukaweka koki ndogo ya kutolea hewa. Kufika adhuhuri nikalishika bomba la kurudi. Lilikuwa vuguvugu. Maji yalikuwa yanatembea.

Mwenye nyumba alilipa, ada ikapatikana. Hadithi niliyokuwa naiwaza siku ile imenitoka hata jina. Ila ule usiku wa baba mdogo kuinama na tochi, nami najua nilichofukia, bado sijamlipa.