Viza Moja, Wachumba Wawili: Siku Zangu Naxos

Leo niwaambie ukweli wote: safari hii haikupangwa iwe ya mtu mmoja.

Mimi na mchumba wangu tulidunduliza miaka miwili. Kibubu kilikaa juu ya kabati, yeye anaweka, mimi naweka, mwisho wa mwezi tunakitikisa kama watoto. Tulitaka kuviona visiwa vya Ugiriki kabla vikao vya harusi na michango havijatumeza. Tukajaza fomu pamoja, tukapiga picha za viza pamoja, tukalipa ada pamoja. Wakati ule ilikuwa euro 80 kila mmoja (tangu Juni 2024 ni euro 90), na ukinyimwa hairudi.

Pasipoti zikarudi. Yangu ina stika. Yake ina barua.

Barua ilisema, kwa lugha ile ya kiofisi, kwamba haikuthibitika kuwa mwombaji atarudi kwao. Mimi nimeajiriwa, nina barua ya mwajiri na hati za mshahara. Yeye anauza vipuri vya magari, duka ni lake, jasho ni lake, ila hela nyingi zinapita mkononi na si benki. Jioni ile alikaa kimya weee, halafu akasema, "Nenda tu. Hela ya tiketi isipotee."

Jamani, "nenda tu" tunaijua. Mimi nikajifanya sijaisikia ile sauti. Nikafunga begi.

Kitanda cha juu, chumba cha watu sita

Ilikuwa Septemba 2023. Kutoka Athens nikaenda bandari ya Piraeus, nikapanda meli ya abiria, ile ya kawaida ya bei nafuu. Ni kama saa tano na ushee majini. Naxos ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika kundi la Cyclades, kilomita za mraba 430 hivi; kwa ukubwa hakipishani sana na Mafia yetu. Mji wenyewe, Chora, umepanda kilima, nyumba nyeupe zimebanana, vichochoro vinapinda mpaka unajisikia uko Mji Mkongwe.

Chumba cha wawili chenye kuona bahari nilikuwa nimeshakifuta. Kulala peke yangu kwenye kitanda kile? Hapana. Nikachukua hosteli, kitanda cha juu, begi la mgongoni chini ya miguu. Nina zaidi ya miaka thelathini, sijapanda ngazi ya kitanda tangu bweni la sekondari!

Wenzangu chumbani walikuwa nesi kutoka Brazil, kijana wa Kikorea aliyetoka kumaliza jeshi, wachumba wawili wa Kipolandi, na mama wa Kijerumani, mwalimu mstaafu wa historia, ambaye alipanda kitanda cha juu haraka kuniliko. Swali lao la kwanza: "Unatoka wapi?" La pili: "Umekuja peke yako?"

"Ndiyo," nikasema. Sikuongeza neno.

Mlango usio na nyumba

Jioni ya kwanza tulikwenda wote kuangalia jua likizama Portara. Unavuka njia nyembamba ya mawe, mawimbi huku na huku, unafika kwenye mlango mkubwa wa marumaru wenye urefu wa mita sita hivi. Mlango tu. Hekalu lenyewe lilianza kujengwa karibu mwaka 530 kabla ya Kristo, enzi za mtawala Lygdamis, na halikumalizika.

Tukakaa chini na mkate na jibini. Mwalimu akatupa hadithi. Zamani, katika masimulizi ya Wagiriki, binti mfalme wa Krete aitwaye Ariadne alimpenda kijana Theseus. Akampa uzi ili asipotee katika jumba la vichochoro alikokwenda kumuua Minotaur, yule dude nusu mtu nusu fahali. Kijana akatoka salama, wakatoroka pamoja, wakatua hapa Naxos. Binti akalala. Alipoamka, tanga lilikuwa mbali baharini. Baadaye mungu wa mvinyo, Dionysus, akamkuta na kumuoa.

"Wanaume!" nesi akaruka. Wote tukacheka. Mimi nikacheka zaidi yao, kisha kicheko kikanikauka. Nilikuwa nimejipa nafasi ya binti wa ufukweni bila kufikiri, eti mpweke, eti mwanamke imara. Kumbe mwenye kubaki alikuwa Dar es Salaam. Mimi ndiye niliyepanda chombo.

Mlimani, tiki mbili za bluu

Asubuhi tukapanda basi mpaka kijiji cha Filoti, tukaanza kupanda mlima Zas kwa miguu. Una mita 1,004, ndio mrefu kuliko yote katika Cyclades. Najua mtacheka, sisi wenye Kilimanjaro ya mita 5,895. Pandeni kwanza! Mawe yanateleza, miti michache, jua la utosi. Mkorea alinigawia maji yake bila kuombwa, na Wapolandi wakawa wananisubiri kila kona. Watu niliowajua kwa saa ishirini na nne tu.

Kileleni unaona visiwa vingine vimetapakaa baharini. Nikampigia mchumba wangu picha, nikatuma. Tiki mbili. Zikawa za bluu. Jibu hakuna.

Usiku ule pia, kimya.

Chipsi mayai Ugiriki

Siku ya tatu upepo ukakaza. Wanauita meltemi, unatoka kaskazini wakati wa kiangazi, na ukichachamaa meli hazitoki. Nesi alikuwa aondoke siku hiyo. Meli yake ikafutwa. Akarudi na begi, amenuna. Nikasema leo napika mimi.

Sasa, Naxos inasifika kwa viazi. Ndiyo, viazi mviringo! Migahawani vimeandikwa kwa fahari kabisa. Nikanunua, na mayai trei moja. Ila nikiri hapa mbele yenu: nyumbani chipsi mayai anapika yeye. Mimi nikigeuza inavunjika. Sufuria ikiwa motoni, watu sita wananitazama, nikampigia kwa video.

Akapokea.

"Unataka kugeuza sasa hivi? Acha! Punguza moto. Funika na sahani, pindua, halafu irudishe taratibu."

Ikageuka nzima. Jikoni wakapiga makofi. Akawasalimia mmoja mmoja kwa Kiingereza chake cha dukani, mwalimu akamwambia wamekosa sana kumwona. Nikaona uso wake ukilegea.

Usiku nikapanda darini na simu.

"Sikukukasirikia wewe," akasema. "Ile barua imeniambia mimi ni mtu asiyerudi. Halafu na wewe ukafunga begi, hata kuniuliza kama naumia hukuuliza."

"Si ulinipa ruhusa?"

"Nilikupa. Nilitaka uikatae kwanza, hata mara moja."

Sikuwa na la kujitetea. Nikaomba radhi, safi, bila "lakini". Tukaongea mpaka bando likaisha.

Kama na ninyi mnawaza kwenda

Ombeni viza mapema. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasiwe chini ya siku 15. Bima ya safari ni lazima, yenye kufikia euro 30,000. Mwenye biashara yake aanze kupitisha hela benki miezi mingi kabla, maana daftari la duka halitamtetea. Nendeni Septemba: bahari bado ina joto na watu wamepungua kuliko Julai na Agosti. Ufukwe wa Agios Georgios unafikika kwa miguu kutoka mjini, na jibini la graviera msiliache.

Kubwa zaidi: kabla ya kupeleka fomu, kaeni chini muulizane, je, akinyimwa mmoja? Jibu liwe lenu wawili, na lipatikane kabla ya barua. Sisi tulikuwa na bajeti ya kila kitu mpaka maji ya kunywa, swali hilo hatukuwahi kuuliza.

Tulifunga ndoa mwaka 2024. Fungate tulikwenda Lushoto kwa basi, bila kuomba ruhusa ya mtu. Yule nesi bado ananitumia picha za chipsi mayai zake, zote zimevunjika.

Kibubu kimerudi juu ya kabati. Jibu letu nalo tunalo tayari, ila hilo, samahanini wapenzi, ni la watu wawili.