Elimu ya Kurudi

Watu wakaao nchi kavu husifu sana maisha ya chomboni. Huyaona matanga kwa mbali, wakadhani kuwa baharia ni mtu huru kuliko wanadamu wote. Kweli ni kinyume cha hayo. Chombo ni nyumba ndogo yenye sheria nyingi, na kiumbe anayelelewa humo, awe mtoto wa mtu au wa mnyama, hana budi kuzijua mapema au ataangamia. Haya niliyaona kwa macho yangu katika likizo moja ya Desemba, na kwa kuwa mimi ni mwalimu, sikuweza kuyatazama bila ya kuifikiri kazi yangu.

Mjomba wangu ni mlinzi wa mashua ya matanga katika Hori ya Kilifi. Mwenye mashua husafiri miezi mingi, na mjomba hula humo, hupika humo na kulala humo. Urefu wake ni mita 11. Imefungwa kwenye boya pamoja na mashua nyingine za wageni, upande wa ndani wa daraja lililofunguliwa mwaka wa 1991 kuchukua mahali pa kivuko. Nchi kavu haifikiwi ila kwa kidau. Mwenzetu wa tatu alikuwa kilebu, yaani mtoto wa mbwa, mwenye umri wa miezi minne. Kwa udogo wake aliitwa Sumni, jina la sarafu ya zamani ya nusu shilingi.

Siku yetu ilianza kabla ya jua kuchomoza. Mtoto wa mbwa huhitaji kujisaidia mara aamkapo, amalizapo kula na amalizapo kucheza, na chomboni hakuna uwanja. Mjomba aliweka kasha pana la mchanga karibu na omo. Kila Sumni alipoamka alichukuliwa hadi hapo akangojwa, na alipofanya lililotakiwa alipewa dagaa mmoja papo hapo. Alipokosea, sitaha ilioshwa kwa ndoo ya maji ya bahari, bila ya kelele wala kofi. Mjomba alisema kuwa mnyama apigwaye kwa kosa lililokwisha kupita hajifunzi ila kuuogopa mkono unaompiga.

Maji matamu yalipimwa kwa kata. Sumni alipewa yake kwanza, maana kiu ingemtuma kunywa maji ya chumvi, nayo humdhuru mbwa. Tena mbwa hatoi jasho mwili mzima kama mtu, bali hupunguza joto lake kwa kuhema. Saa sita mchana sitaha iliunguza nyayo, nasi tulijisitiri chini ya turubai: mjomba akishona tanga, mimi nikisoma, na Sumni akitafuna kipande cha kamba ya makumbi, kwani meno yake ya utoto yalikuwa yaking'oka. Jua lilipopunga tulimpakia kidauni, tukaenda kutembea pwani.

Lakini somo kubwa lilitolewa wakati maji yaliposimama, baina ya kujaa na kupwa. Mjomba alimvika Sumni jaketi la kuelea, akamtia majini taratibu upande wa tezi, mahali alipokuwa ameuning'iniza ubao uliofunikwa kwa gunia. Kisha alimwita. Sumni alikwenda moja kwa moja kwenye ubavu wa mashua, ulio laini kama bakuli, akaparuza na kuteleza. Mjomba alimwongoza kwa mkono mpaka ubaoni, akapanda, akapewa dagaa. Kesho yake ilikuwa vivyo hivyo, na kesho kutwa pia.

"Mjomba," nilimwuliza, "si afadhali kumfundisha asianguke?"

"Hilo nalo namfundisha, mpwa wangu," alijibu. "Lakini iko siku ataanguka. Mbwa ajua kuogelea. Kinachomwua ni kukizunguka chombo asijue pa kupandia, mpaka nguvu zimwishe."

Maji ya pwani yetu hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti ya kina hupita mita 3. Siku mbili baada ya mwezi kuwa mpevu, yapata saa moja asubuhi, maji yalikuwa yakipwa kwa nguvu kuelekea baharini. Sumni alikuwa ameamka tu, hajavikwa jaketi. Kunguru alitua ukingoni karibu na omo. Sumni alimrukia, kunguru akapaa, na kilebu akaanguka majini. Mkondo ulimburura ubavuni kuelekea tezi. Niliona kucha zake zikiparuza mara moja tu. Kisha aliugeuza uso wake, akauacha ubavu, akautafuta ubao. Nilikimbilia kiopoo, na kabla sijakifungua kucha zake zilikuwa zimekwisha kulikamata gunia. Mjomba alitoka jikoni, akamtazama akitetemeka sitahani, akampa dagaa wake.

Wahenga walinena: Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Shuleni tuna makatazo mengi, na makatazo ni mema. Hata hivyo wanafunzi huanguka. Mmoja hushindwa mtihani, wa pili hutoroka, wa tatu hupata mimba kabla ya wakati wake. Tangu mwaka wa 1994 nchi yetu ina sera ya kumruhusu msichana aliyejifungua arudi shuleni, na mwaka wa 2020 ulitolewa mwongozo wa kuwarejesha wanafunzi walioacha masomo kwa sababu mbalimbali. Ubao, basi, umekwisha kuning'inizwa. Lakini ubao ambao mtoto hakuonyeshwa kabla ya siku ya msiba ni kama haupo. Aibu ni mkondo wenye nguvu, na mwenye kuchukuliwa nao hana nafasi ya kujifunza jambo jipya.

Kwa hiyo, kila mwanzo wa mwaka, baada ya kuwasomea wanafunzi wangu sheria za shule, huwaonyesha pia mlango wa kurudia, na mtu wa kumwendea. Wako wasemao kuwa kufanya hivyo ni kuwaalika waanguke. Mjomba wangu hakumwalika Sumni majini. Aliijua bahari, na alimpenda aliyekuwa chini ya ulinzi wake.