Pasaka ya Kilomita Mia Tisa

Mwaka 2023 Ijumaa Kuu iliangukia tarehe 7 Aprili, sikukuu ya Karume. Sikukuu mbili zikaliwa siku moja, na pale ofisini kila mtu alinung'unika, maana kwetu Tanzania sikukuu zikigongana hakuna fidia. Tukabaki na Ijumaa hadi Jumatatu. Ndani ya siku hizo nne nilikuwa nawaza kuitoa familia Dar es Salaam, kuifikisha Tukuyu na kuirudisha kabla ya Jumanne asubuhi, ambapo mke wangu alitakiwa awe wodini amevaa sare yake ya uuguzi.

Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Ukifika Uyole bado hujafika: unakata kushoto, unaanza kupanda kuelekea Rungwe, na mwezi wa nne mvua inakupokea hapo hapo. Nyumbani tulizoea kuhesabu 900, kwenda tu.

Wachaga wana Desemba yao ya kurudi kwao, na mke wangu aliuliza kwa nini na sisi tusingoje Desemba. Lilikuwa swali la haki. Jibu langu lilihusu alfajiri moja. Kwetu ni Wamoraviani. Wamisionari walifika Rungwe mwaka 1891, na desturi zao nyingi zikabaki. Alfajiri ya Pasaka, jua halijachomoza, watu hukusanyika makaburini na kuimba nyimbo za ufufuko wakiwa wamesimama kati ya wafu wao. Baba tulimzika Agosti iliyotangulia. Kaburi unaweza kulizuru mwezi wowote, ila Pasaka ya kwanza baada ya msiba hairudi.

Mke wangu hakubishana na hilo. Alichobishia ni barabara. "Baba, tukienda tutakaa njiani zaidi kuliko nyumbani," alisema. "Watoto watachoka, wewe utachoka, halafu Jumanne mimi nishike sindano." Mtoto wetu wa mwisho hutapika akiona kona, na mlima Kitonga ni kona tupu.

Njia nyingine tulizipitia haraka. Ndege hadi Songwe, kwa watu watano na bei za msimu wa sikukuu, tuliiangalia kwenye simu tukaifunga bila kusema neno. Treni ya TAZARA ninaipenda, lakini ni usafiri wa mtu asiye na Jumanne. Basi lingewezekana, ila shangazi wa jirani alikuwa ametoka kituo cha Magufuli kule Mbezi akatuambia nafasi za Alhamisi na Ijumaa zimeisha. Likabaki gari letu, IST.

Shemeji yangu ndiye aliyeleta wazo la usiku. Toka Alhamisi saa mbili, alisema, barabara nyeupe, asubuhi unakunywa chai Iringa. Vijana wengi wa mjini husafiri hivyo na kujisifia saa walizotumia. Mimi nilikuwa nimeanza kushawishika. Mke wangu akasema tu, "Mpigie mjomba."

Mjomba aliendesha malori ya mizigo kwenda Zambia karibu maisha yake yote ya kazi, na sasa amestaafu Mbagala. Hakuniuliza gari, wala hakuniuliza kwa nini nasafiri. Aliuliza, "Majani utayaona saa ngapi?" Nikanyamaza. Akanieleza taratibu, kama anayemfundisha tingo mpya. Lori likikufa barabarani, dereva hukata matawi ya miti na kuyapanga kwenye lami, fungu hapa, fungu hatua kadhaa mbele, ili anayekuja ajue kuna kitu kimesimama. Mchana unayaona ungali mbali, unapunguza. Usiku, ukipishana na lori lenye taa kali, huoni kitu mpaka uwe umeshayakanyaga, na baada ya majani ya mwisho kuna tela la tani 30 lisilo na taa hata moja. "Majani hayana taa, mwanangu," alisema. Kisha akaenda Kitonga: gia unayopandia ndiyo unayoshukia. Nilipomkumbusha kwamba gari langu ni otomatiki akaguna kwa dharau. "Basi weka kwenye 2, usikalie breki."

Kwa hiyo usiku ukafutwa. Ilikuwa faida kubwa, maana mabishano yalipoanza tulikuwa tunabishania safari mbili tofauti bila kujua. Mke wangu alikuwa anaikataa safari ya shemeji. Safari ya mchana, ya kulala njiani, hakuna aliyekuwa ameiweka mezani.

Jumanne jioni nililipeleka gari kwa fundi, nikitarajia maneno ya breki na bushi. Alivikagua hivyo, akasema viko sawa. Halafu akachuchumaa kwenye tairi la nyuma, akawasha tochi ya simu, akasugua ubavu wa tairi kwa kidole mpaka vumbi likatoka na duara dogo la umbo la yai likaonekana. Ndani yake kulikuwa na tarakimu nne: 2314. "Wiki ya 23, mwaka 2014," alisema. Kashata za tairi zilikuwa nzuri kabisa kwa macho, nene. Akalibonyeza pembeni, akanionyesha nyufa nyembamba zilizojipanga kama mistari ya kiganja. Kwa mizunguko ya mjini, alisema, ungekaa nalo mwaka mzima. Kwa bonde la Ruaha Mbuyuni saa saba mchana, jua limeichemsha lami, gari limejaa watu, hilo litakuacha. Tairi mbili mpya zilinunuliwa usiku ule ule, na pesa ile sikuwa nimeipanga.

Kesho yake ilikuwa Jumatano ya kwanza ya mwezi, siku ambayo EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta. Wenye magari tunaingoja kwa roho juu, na mwezi huo tulinusurika: bei haikututisha.

Mama alikuwa amepigiwa simu mapema wiki ile. "Msihangaike, wanangu," alisema. "Mvua ni kubwa. Mtakuja mkipata nafasi." Nilimwambia mke wangu kuwa mama mwenyewe amesema tusihangaike, nikitumaini neno hilo lingetupumzisha sote. Jumatano usiku mama akapiga tena. Alisalimia, akauliza hali ya watoto mmoja mmoja, akaeleza kuhusu ng'ombe, na alipokuwa karibu kukata simu akauliza, "Hivi gari lenu, nyuma huko, linaingia mikungu mingapi ya ndizi?"

Simu ilikuwa kwenye spika. Mke wangu alinitazama, akaichukua, akamjibu yeye mwenyewe. "Miwili, mama. Na mchele kidogo." Kisha akaenda chumbani, nikamsikia anazungumza na mwenzake wa wodini kuhusu kubadilishana zamu, ya Jumanne kwa ya Jumamosi inayofuata.

Tulitoka Ijumaa saa kumi alfajiri. Njia nane za Kimara zilitutelezesha hadi Kibaha, kisha zikarudi kuwa mbili, na pale Mlandizi tulikutana na Dar nzima iliyowaza kama sisi. Madereva waliokuja mbele walitupigia taa kutuonya kuhusu askari wa tochi, nasi tukashuka hadi 50 kwa adabu. Mikumi watoto waliona twiga. Kitonga tulipanda nyuma ya lori la saruji kwa mwendo wa mtu anayetembea, na mtoto hakutapika, labda kwa kuwa hakukuwa na mwendo wa kumtapisha. Majani tuliyaona mara kadhaa, mchana kweupe. Tukalala Mafinga kwa dada yangu, kwenye baridi iliyowafanya watoto wacheke.

Ya makaburini sitayaeleza sana. Ilikuwa giza, kulikuwa na ukungu na tope, na mama aliimba sauti ya pili bila kitabu.

Tulirudi tumechoka kama mke wangu alivyosema tangu mwanzo, na hakuna hata moja katika hoja zake iliyokuwa ya uongo. Mikungu ya ndizi ilikuwa mitatu, siyo miwili.

Wiki ile ile jirani yetu, aliyekuwa kwenye mfungo, alinisimamisha getini. Idi ilikuwa inakaribia, na alikuwa anafikiria kwenda Kigoma kwa wazazi wake, na gari lake dogo, na watoto. Alitaka kujua mafuta yalinigharimu kiasi gani, tulilala wapi, barabara ina mashimo wapi, ingawa njia yake ingepinda Morogoro kuelekea Dodoma na wala isingegusa Kitonga. Nilimjibu yote. Mwishoni akauliza kama ningemshauri aende.

Nikamwambia awashe tochi ya simu, tukachuchumaa kwenye tairi lake la nyuma.