Mbegu ya Kuku na Mkono wa Mfugaji

Hapana ndege aliye karibu na mtu kama kuku, na yamkini kwa sababu ya ukaribu huo hafikiriwi sana. Mtu anunuapo ng'ombe huita wazee, humzunguka mnyama, humtazama meno, na kuuliza habari za mama yake. Anunuapo kuku humpima uzito kwa mkono, humpuliza manyoya ya kifuani aone unono, humfunga miguu, akaenda zake. Kwa kuku wa mchuzi desturi hiyo yatosha, maana habari yake itakwisha jioni. Kwa kuku wa kufuga haitoshi. Anunuliwaye hapo si mmoja: ni yeye, na mayai yake, na maradhi yake, na vizazi vyote vitakavyotoka kwake.

Swali la kwanza si kuku gani aliye bora, bali ni bora kwa kazi gani. Leghorn, ambaye jina lake ni la bandari ya Livorno huko Italia kwa matamshi ya Kiingereza, akitunzwa vema hutaga mayai meupe yapatayo 280 kwa mwaka, lakini ni nadra kuatamia. Rhode Island Red wa Marekani na Sussex wa Uingereza hutoa mayai na nyama pamoja, ila wahitaji kulishwa kwa kipimo. Mtetea wa kienyeji hutaga mayai 40 mpaka 60 tu kwa mwaka, na mwenye kuhesabu mayai peke yake humwita mvivu. Walakini huyo mvivu huatamia siku 21, hutotoa, hulea, na humkabili kipanga ambaye mwenye nyumba hakumwona. Kazi hizo haziandikwi katika daftari la mayai, lakini asiyekuwa na mashine ya kutotolea wala fedha ya chakula cha dukani huziishi kila siku.

Wa kienyeji nao si kabila moja, na lugha imewatenga tangu zamani. Kishingo ni yule mwenye shingo tupu; kidimu ni yule ambaye manyoya yake yamepinda na kusimama kinyume. Watoto huwacheka wote wawili, lakini upungufu wao ni faida katika nchi ya joto, maana mwili wenye manyoya haba hupoa upesi. Kuchi ni mrefu wa miguu na shingo, mdogo wa kilemba, mzito wa nyama na mwepesi wa ugomvi. Watafiti waliochunguza nasaba yake wameona ujamaa kati yake na Shamo, kuku wa kupigana wa Japani. Apendaye umbo lake hatamlaumu, ila mwenye uwanja mdogo na majogoo wawili afikiri mara mbili.

Kisha wako machotara, kama Kuroiler aliyetoka India na Sasso aliyetoka Ufaransa, ambao wameenea sana Afrika Mashariki. Hukua upesi na kutaga kuliko wa kienyeji, na si haki kuwadharau. Lakini sifa za chotara hazirithiwi zote pamoja. Mayai yake yakitotolewa, vifaranga hutoka wa kila namna: mmoja amfuata babu, wa pili amfuata bibi, na wa tatu hamfuati yeyote. Kosa si la ndege. Kosa ni la mwuzaji aliyemwuza kama mbegu, akajua kuwa mnunuzi atarudi kwake mwaka ujao mikono mitupu.

Hapo ndipo uchaguzi wa kuku unapogeuka kuwa uchaguzi wa mtu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mfugaji mwema hukubali kutembelewa, na huonyesha wazazi wa vifaranga, si vifaranga peke yao. Huwa na jogoo mmoja kwa mitetea 8 mpaka 10, na hubadili jogoo kabla hajawapanda binti zake. Ajua tarehe ya chanjo bila ya kutazama juu kama atafutaye nyota. Akiulizwa wangapi walikufa mwaka uliopita, hutaja hesabu. Asemaye kuwa kwake hafi hata mmoja, ama hahesabu, ama hasemi kweli, na katika hali zote mbili haifai kununua kwake.

Maswali haya si udadisi wa wenye nafasi. Mitetea sita ya mama mmoja kijijini ni daftari za watoto, ni nauli ya hospitali, ni heshima ya kumpokea mgeni. Mdondo, uitwao kideri kwa wengine, hauna dawa, na waweza kufagia banda lisilochanjwa katika siku chache. Kinga yake ni ndogo kama chozi: tone moja la chanjo jichoni, na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Ubaya ni kwamba ugonjwa uingiapo kijijini, wengine hukimbilia sokoni kuuza kabla kuku hawajafa. Kwa hiyo bei ishukapo ghafla, mwenye busara haharakishi kufungua mkoba. Akubaliye urahisi ule huenda amenunua kifo cha jirani na kukipeleka nyumbani kwake.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Walimfunga asipotee, elimu imeongeza sababu ya pili. Mgeni na akae mbali na wenyeji kwa majuma matatu au manne, kwa chombo chake cha maji, na alishwe baada ya wengine, ili mguu wa mlishaji usibebe ugonjwa.

Mwenye kufuata haya hatakawia kuona jambo lingine. Banda lake likishasitawi, jirani atakuja kuomba mtetea wa mbegu. Siku hiyo aliyekuwa mwuliza atakuwa mwulizwa. Ataulizwa habari ya wazazi, na ya chanjo, na ya waliokufa, na jirani hatakuwa na njia ya kupima majibu ila kwa kuyaamini. Mbegu njema huenea kutoka nyumba hata nyumba kwa kauli ya kweli, na mbaya huenea kwa kimya.