Gia ya Tano



Juma hili tumeshinda alasiri tatu gerejini kwa muumini wetu mmoja, kazi yetu ikiwa ni kumshikia fundi tochi. Gari lenyewe ni Datsun 240Z la mwaka 1971. Wenye mvi miongoni mwenu mtalikumbuka: aina hiyo ndiyo iliyoshinda mbio za Safari, zilizokuwa zikiangukia Pasaka, mwaka 1971 kwa mkono wa Edgar Herrmann na mwaka 1973 kwa mkono wa Shekhar Mehta.

Gari hili liliachwa na mzee tuliyemzika mwaka jana. Mwanawe alilirithi pamoja na kinyongo. Baba na mwana hawakuwa wakisemezana vizuri, nasi tulijaribu kuwapatanisha tukashindwa. Hata baada ya mazishi ndugu yetu huyu alikuwa akisema, “Padre, baba aliniachia gari bovu kama alivyoniachia mambo mengine.” Ushahidi wake ulikuwa gia. Kishikio cha gia kimechorwa namba tano, lakini ya tano haikuingia hata siku moja. Nazo hizo nyingine ziliingia kwa kelele za kusagika.

Fundi alipoishusha giaboksi hakuifungua mara moja. Aliizunguka kwanza kama daktari anayemtazama mgonjwa kabla ya kumgusa. Katika magari ya kwanza ya aina hii, alituambia, ganda la mbele linaloifunika klachi ni kipande cha peke yake, kimefungwa kwa bolti. Hili lilikuwa limesubiwa pamoja na mwili wa giaboksi, jinsi zilivyokuja kutengenezwa baadaye. Basi giaboksi hii haikuzaliwa na gari hili. Kisha akaiweka gia ya kwanza, akatia alama kwa chaki kwenye shafti ya nyuma, akaizungusha ya mbele polepole huku sisi tukihesabu. Giaboksi ya gia tano ya magari yale ingetaka mizunguko pungufu kidogo ya mitatu ili shafti ya nyuma izunguke mara moja. Sisi tulihesabu mitatu na nusu na zaidi. Fundi akacheka, akajifuta mikono.

“Hii ni ya gia nne. Ya tano haijaharibika. Haijawahi kuwamo.”

Ndugu yetu alinyamaza. Miaka yote hiyo alikuwa akimlaumu marehemu kwa kitu kisichokuwamo.

Giaboksi hizi mbili ni za ukoo mmoja. Namba 71 iliyo katika majina yao ni milimita zinazozitenganisha shafti zake mbili. Ndiyo maana ya gia nne iliweza kukaa mahali pa ya gia tano, ijapokuwa kwa kulazimishwa. Ulazimishaji wenyewe tuliukuta kwenye klachi. Bomba fupi linalobeba beringi ya klachi halikulingana na sahani iliyofungwa pale, na ili kuziba pengo mtu alikuwa ameongeza pete ya chuma iliyochongwa kwa mkono. Alama za tupa zilionekana wazi, sawasawa pande zote, kazi ya mtu mwenye subira. Pete hiyo ilikuwa imelika. Klachi haikuachia tena yote, ndiyo maana gia zilisagika.

Kwa nini mzee alifanya hivyo? Mwaka 1977 mpaka wetu na Kenya ulifungwa, haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Nani angeleta giaboksi ya gari la mashindano kutoka Nairobi? Alichukua kilichopatikana.

Matengenezo yenyewe hayana mengi ya kusimulia. Oili ilitoka ikimetameta unga wa shaba. Pete za shaba, zile zinazoyalinganisha mwendo meno kabla hayajakutana, zilikuwa zimeisha: fundi alizisukuma kwenye gia zake moja moja, akapima mwanya uliobaki, karibu haukuwapo. Zikaja mpya, pamoja na beringi na sili, na bomba la klachi la urefu unaostahili. Ndugu yetu aliulizwa kama atafute giaboksi ya gia tano. Alisema nne zinamtosha. Fundi akataka kubadilisha kishikio walau kisiseme uongo, nacho akakikataza kuguswa.

Jumamosi gari liliingia gia zote nne bila kelele. Tulikwenda nalo kwa mama yake, naye akatandaziwa vyuma vya zamani juu ya gazeti mezani. Hakuangalia kingine. Aliiokota ile pete.

“Hii aliichonga usiku kucha,” alisema. “Mimi nilimshikia kibatari. Wewe ulikuwa mgongoni mwangu, una homa. Alitaka gari liwake alfajiri akupeleke hospitali.”