Aldabra: Kisiwa Kilichookolewa, Ndege Aliyepotea

Ukiitazama ramani ya Bahari ya Hindi utaiona nchi jirani ya Shelisheli imetawanyika kama punje za mtama. Punje mojawapo ya mbali kabisa upande wa magharibi ni Aldabra. Kutoka Mahé, kisiwa chenye mji mkuu, ni zaidi ya kilomita 1,100. Lakini kutoka pwani yetu ya Afrika Mashariki hazifiki 700.

Aldabra ni pete ya visiwa vinne vikubwa, vilivyozunguka bahari ya ndani yenye kina kifupi. Ardhi yake ni mwamba wa matumbawe mkali kama wembe, na maji matamu ni ya shida. Wenyeji wake hasa ni kobe wakubwa, wanaokisiwa kufikia 100,000.

Katika miaka ya 1960 Uingereza, iliyokuwa ikivitawala visiwa hivyo, ilikusudia kujenga hapo uwanja wa ndege za kijeshi. Wataalamu wa viumbe walipinga kwa nguvu, na mwaka 1967 mpango huo ukaachwa.

Mwaka huo huo, katika kisiwa cha Malabar, wataalamu walimkuta ndege mdogo wa kahawia, mwenye mkia mrefu, ambaye hakuwa amepata kuandikwa vitabuni. Makao yake yote duniani yalikuwa ukanda wa vichaka vya pwani, wenye eneo la hekta 10 tu. Alionekana kwa mara ya mwisho mwaka 1983. Alitafutwa hadi mwaka 1986, asipatikane tena. Mtoto aliyezaliwa siku ndege huyo alipogunduliwa alikuwa hajamaliza masomo ya sekondari.

Hakuuawa kwa bunduki. Inaaminika kwamba panya walioletwa na vyombo vya bahari walikula mayai na makinda yake, paka wakamwinda, na mbuzi wakaharibu vichaka. Uwanja wa ndege ulipigiwa kelele dunia nzima. Panya aliposhuka chomboni hapakuwa na aliyeandika barua ya kupinga.

Mbuzi wa Aldabra walimalizwa mwaka 2012. Kazi ilikuwa njema, ila kwa ndege wa Malabar ilichelewa.

Nasi tunacho kisiwa cha Pemba, chenye bundi na ninga wasiopatikana penginepo duniani. Ajali haina kinga, walisema wahenga. Lakini panya anayo.