Chupa na Ukwaju

Jioni ya Idi, hapa Msambweni, mwanangu alileta chupa ya sosi ya nyama choma aliyoinunua Diani. Nikamkemea mbele ya wageni, nikisema huenda imetiwa pombe. Akanyamaza. Mamake, bila neno, akaroweka ukwaju, akauchuja, akatia thomu, pilipili, chumvi na sukari kidogo, akaupika hata ukawa mzito. Ndio tuliopaka mishkaki.

Usiku nilivaa miwani nikaisoma chupa: nyanya, siki, sukari, viungo. Pombe hamna. Alfajiri, tulipotoka msikitini, nilimtaka radhi mbele ya nduguze.

"Si neno, Baba," akasema.

Ndugu zangu, cha nyumbani twajua kilichomo. Cha dukani na tukisome. Kuichunga halali ni wajibu, na dhana mbaya nayo ni dhambi.